Bloku Kubwa

Niliamini mzee wa masijala anaihujumu seva yangu. Ndiyo, yangu, mimi ndiye niliyeifunga kwenye kituo chetu cha afya pale Iringo, na mtu akiisogelea tu nilikuwa nashtuka. Kila asubuhi mzee yule alipoanza kuingiza kadi za wagonjwa, kompyuta ziliganda kituo kizima. Akitoka kunywa chai, zinafunguka. Ningewaza nini?

Na maneno yake yalinichoma. "Daftari nililokuwaga natumia halikwamagi, mwanangu," alisema huku anatabasamu. Tabasamu lile sikuliamini hata kidogo. Nikamwambia mkuu wa kituo kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha nikaziweka tuhuma zangu kwenye barua. Ijumaa mzee akaambiwa ahamie kwenye stoo ya tawi letu la Bunda, mbali asikoweza kurudi nyumbani kila jioni. Nyumbani kwake ni Bukima, mkewe hajiwezi, na kila jioni yeye ndiye aliyekuwa akimpikia. Nilijua hayo yote wakati naandika.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda kutafuta ushahidi, nikafungua mipangilio ya seva nikiwinda alama za mkono wake. Nikakuta diski imepangwa kwa bloku za kilobaiti 128, wakati hifadhidata yetu huandika vipande vya kilobaiti nane. Yaani kwa kila mstari wa kadi, mashine ilinyanyua bloku nzima, ikabadilisha kipande kimoja, ikairudisha yote. Ni kama kubomoa ukuta ili upigilie msumari. Mzee aliingiza mistari mingi kuliko sisi wote. Ndiyo maana kila alipoketi, tuliganda.

Nani alichagua bloku zile? Nilifungua daftari nililoandikia siku ya kufunga seva. Mwandiko ulikuwa wangu: "Bloku kubwa, kazi haraka." Maneno ya baba, fundi mwashi wa Butiama. Kwenye ukuta ni kweli.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikahamisha data, nikaipanga diski upya kwa bloku ndogo, nikarudisha kila kitu. Jumatatu kadi ziliingia bila kusita. Mkuu akasimama mlangoni, anacheka.

"Umeona, dada? Yule mzee alikuwaga na mkosi, kaondoka nao. Barua yako imetuokoa."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, wazi kwenye ukurasa ule. Nililifunga.