Risasi Zilizosafiri Nyuma ya Pikapu

Nakumbuka asubuhi moja pale Endamarariek, mwanangu. Wewe ulikuwa mchanga wa kubebwa, na mimi nilikuwa kijana niliyejiona nimeshaumaliza ulimwengu. Na sababu nilikuwa nayo. Shule niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya vitunguu Mang'ola mpaka bega likaota sugu, na kabla wenzangu hawajanunua hata baiskeli, mimi tayari nilikuwa na pikapu. Muulize yeyote Karatu, atakuambia.

Nilikuja kuwachukua wewe na mama yako kwao, alikokwenda kujifungulia, tukakubatize Karatu. Nyuma ya kiti nilikuwa na shotgani yangu, ya halali, yenye kibali, na risasi ziko ndani. Njia ya Mang'ola siku zile majambazi walivizia makorongoni, na mfanyabiashara asiye na bunduki tulimwona kama kuku aliyenyonyolewa. Babu yako Boay, baba wa mama yako, akachungulia dirishani.

"Kijana, hiyo ina kitu tumboni?"

"Baba, bunduki bila risasi si mwiko wa kusongea ugali?" Nikacheka mwenyewe.

Mzee hakucheka. Alizunguka mbele ya gari, akaketi chini karibu na bampa, miguu kainyoosha barabarani. "Basi nikanyage mimi kwanza."

Majirani wakaanza kusogea. Aibu gani hiyo! Mwenye pikapu nimezuiwa na mzee wa katambuga za matairi. Nikamtolea kibali changu. Hakukitazama.

"Serikali imekupa karatasi ya kulinda mali," akasema. "Haikukupa karatasi ya kumlaza mjukuu wangu mdomoni mwa mtutu. Hapa kwangu mgeni huchomeka mkuki wake nje ndipo aingie, hata awe mkwe, hata awe tajiri. Gari lenye mama na mtoto ni nyumba. Chomeka mkuki wako nje."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikazitoa risasi. Akazifunga kwenye pindo la shuka lake, akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia. "Bunduki isafiri na wewe. Hizi zinasafiri na mimi. Zitaonana Karatu."

Nilinung'unika njia nzima, mama yako akijizuia kucheka. Tulipofika korongoni, gurudumu la mbele likazama shimoni. Shotgani ikaruka kutoka nyuma ya kiti, ikaanguka katikati yetu, kitako kikagonga sakafu. Nikasikia nyundo yake ikipiga patupu, kacha! Nilipotazama, mtutu ulikuwa umeelekea kwenye khanga uliyofungiwa. Wewe ulikuwa umelala, wala hukuamka.

Nikakanyaga breki. Mama yako alikuvuta kifuani, na jambo lile mpaka leo hajalitaja. Kule nyuma mzee akagonga paa: "Mbona mmesimama? Padri anangoja!"

Mbele, kwenye kizuizi, askari akaifungua ile bunduki, akaikuta tupu. "Risasi ziko wapi?" Mzee akainua pindo la shuka kule nyuma. Askari alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Wewe mwenye gari, mshukuru huyu baba. Zingekuwa ndani, leo mngebatizia kituoni." Ndipo nilipoelewa kwamba kumiliki ni jambo moja, na kutembea na bunduki iliyojazwa ndani ya gari ni jambo jingine. Sikuwahi kuuliza. Tajiri wa vitunguu amuulize nani?

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yalitaka kunijia mapema, kwa mwana, yakapishwa na ukaidi wa mzee mmoja. Malori niliyo nayo nimeyatafuta kwa jasho langu, na kujisifu sitaacha. Lakini wewe nilipewa mara ya pili, na aliyenipa ni babu yako. Kwa hiyo kila msimu gunia la kwanza kutoka Mang'ola huanza kwake, ndipo soko lipate lake.

Sasa nawe umepata kibali cha bunduki, na Fuso utaliendesha mwenyewe, akina mama wa sokoni wamekaa pembeni yako. Kabla hujawasha gari, fungua bunduki, toa risasi, tazama kwa jicho kisha upapase kwa kidole. Risasi zifungiwe mahali pake, bunduki mahali pake. Kizuizini sema kabla hujaulizwa. Ukipeleka mzigo kwa wafugaji wa Kakesio, bunduki ibaki nyumbani. Lango la Ngorongoro halipitwi na silaha bila ruhusa, kule nako ni nyumba ya watu. Usilolijua, kaulize polisi, usiwe kama baba yako. Na mzee akikaa mbele ya gari lako, zima injini, ushuke.

Ila usiondoke kabla hujampitia babu. Macho yameshafifia, atakupapasa uso. Mwachie, apapase anavyotaka. Mungu akupe safari zenye kurudi, akupe na watoto wanaolala bila kushtuka, na siku ukioa, akujalie mkwe mkaidi kama wangu.