Umri wa Mama Huko Mirihi

Mama alipoteleza kwenye njia ya kisimani huko Mamboya na kuumia goti, mimi na kaka yangu tulikubaliana kwa simu kwamba hatarudi tena kuishi mlimani. Tulizungumza dakika kumi hivi, tukaridhika na busara yetu. Nyumba ya kaka iko Morogoro na ina ngazi, kwa hiyo mama akaja kwangu Mikumi, ninakofundisha sekondari, kwenye nyumba isiyo na hata kizingiti cha kumkwaza mtu. Yeye mwenyewe hatukumwuliza.

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya. Ilihusu watu arobaini waliohamia sayari ya Mirihi wakajenga kijiji ndani ya kuba la plastiki ngumu. Nje hakuna hewa, ndani maji yanapimwa kwa kikombe, na mashine moja ikiharibika wote wamekwisha. Nilijivunia sana riwaya hiyo. Kila siku baada ya chai ya saa kumi nilimsomea mama kurasa mbili tatu barazani, naye akichambua mchele. Nilidhani namliwaza.

Mama alisomeshwa na wamisheni, kisha akafundisha watoto wa kanisani kwa miaka mingi, na kosa la ngeli halimpiti hata akiwa anasinzia. Nilipomaliza sura ya kwanza aliuliza, "Hao watu arobaini, mkubwa wao nani?"

"Kapteni. Ana miaka thelathini na mitano."

"Na wengine?"

"Wadogo kwake. Mainjinia, madaktari. Wamechaguliwa wenye afya."

"Kwa hiyo asubuhi hakuna wa kuamkiwa." Akapepeta ungo wake. "Hawafiki Krismasi hao."

Nilimweleza kwamba tatizo la Mirihi ni oksijeni, si shikamoo. Akanijibu kwamba oksijeni inatengenezwa na mashine, nimeandika mwenyewe ukurasa wa tatu, lakini mashine ya kuitikia marahaba hajaisikia mahali popote. Watu wawili wakigombania kikombe cha maji, nani atawaambia waache? Kapteni ni rika lao, watamwambia akae pembeni. Nilibisha siku mbili nzima, halafu kwa hasira nikaongeza bibi mmoja. Nilimwingiza kwa hila, nikaandika kwamba alikuwa mpishi na umri wake ulikosewa kwenye fomu.

Tangu siku hiyo mama hakuwa na habari tena na mainjinia wangu. Alimtaka bibi tu. Bibi amelala wapi? Bibi amepewa blanketi? Nilipofika mahali ambapo watu wanashusha mizigo kwenye roketi, pamoja na mbegu bora ndani ya sanduku la chuma, mama aliweka ungo chini.

"Mbegu za nani?"

"Za mradi, mama."

"Mradi si mtu. Nauliza za nani."

Kwetu mlimani mbegu ina mwenyewe. Maharage haya, tuseme, ni ya shangazi, naye alipewa na mama mkwe wake. Ukivuna unamrudishia kibaba na neno la shukrani, na yakikataa kuota unajua mlango wa kwenda kulalamikia. "Hizo zako zikikataa," mama alisema, "utalilalamikia sanduku?" Nikalifuta sanduku. Bibi akashuka kwenye roketi na maharage yake yamefungwa kwenye pindo la kanga, na nakiri kwamba sura ile ikawa nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeandika. Sikumwambia mama hivyo, asije akadai na malipo.

Siku nyingine, katika kujionyesha tu, nilimwambia kwamba mwaka wa Mirihi unakaribia kuwa mara mbili ya wetu, siku zetu mia sita themanini na saba. Mama akaomba kalamu. Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti kuukuu, pole pole, akivusha tarakimu kwa sauti kama alivyofundishwa utotoni.

"Nina sabini na nne," alisema. "Huko nina thelathini na tisa."

"Hongera, mama."

"Na wewe mwenye arobaini na tano, huko una ishirini na tatu na kitu." Akanitazama juu ya miwani. "Mbona basi unanipangia?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka sana.

Sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilijua tunazungumzia nini. Nyuma ya nyumba yangu kuna uzio, na nje ya uzio nyani wanakaa juu ya tangi la maji la jirani kama wamelipanga. Mwezi mmoja kabla mama hajaja, tembo walikuwa wamelala kwenye shamba la mahindi la watu wa mtaa wa pili, na mahindi hayakuamka. Kwa hiyo nilikuwa nimemwambia mama asitoke getini peke yake. Alikuwa anatembea kutoka barazani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi barazani, na kila mara akifika getini anasimama, anaushika mlango, anarudi. "Na wewe una kuba lako," aliniambia mara moja, bila ubaya.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Kila jioni aliuliza Mirihi mvua inanyesha lini, nami nikamwambia hainyeshi kabisa. "Mamboya inanyesha mwezi wa tatu," alisema, kana kwamba nilikuwa sijui. Halafu anampigia simu mdogo wake, aliyekuwa anamtunzia nyumba, wanazungumza Kikaguru cha haraka. Mimi nimekulia shule za bweni na Kikaguru changu ni cha kuombea maji na kusalimia misibani. Nilichoambulia ni neno la maharage, tena na tena. Nikadhani wanazungumzia mapishi.

Kwenye riwaya, bibi alianza kudai atoke nje ya kuba akaone kama ule udongo mwekundu unafaa kulimwa. Kapteni alikataa. Nilikuwa nimempa bibi goti bovu, nikakaa nyuma ya goti hilo kwa sura tatu. Kapteni alisema goti halitahimili. Kapteni alisema tusubiri kidogo. Kapteni alisema ni kwa faida ya bibi mwenyewe.

"Goti ni la nani?" mama aliuliza.

"La bibi."

"Basi kapteni linamwuma wapi?"

Nilifunga daftari nikasema nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba nilimpenda sana yule kapteni, kwa sababu aliweza kumwambia bibi hapana bila kumtazama usoni. Mimi nilikuwa naogopa. Kila nilipofumba macho nilimwona mama amelala kwenye ile njia ya kisimani, ndoo imebingirika, hakuna mtu. Lakini kumwambia hivyo nilishindwa, nikamwachia kapteni.

Alhamisi moja nilirudi shuleni nikakuta baraza limefagiwa, mchele umechambuliwa, na daftari la riwaya limewekwa katikati ya meza, juu yake miwani yangu ya akiba. Nililifungua. Baada ya ukurasa wangu wa mwisho palikuwa na mwandiko wa mama, ulionyooka, wa kimisheni.

"Sura ya Kumi na Mbili," alikuwa ameandika. "Asubuhi bibi aliamka akaoga, akafunga goti lake kwa kanga. Kapteni alikuwa amekwenda kazini. Bibi hakumuaga, kwa kuwa kapteni angelia, na bibi naye angelia, na gari lingewaacha. Bibi ana miaka thelathini na tisa, na mtu wa umri huo anaijua njia ya kwao. Chakula kipo jikoni, kimefunikwa. Mwisho wa sura."

Nilisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama getini. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimpigia kaka, akafoka kwamba nilikuwa wapi, nami nikafoka kwamba yeye alikuwa wapi, tukafokeana hivyo mpaka salio likaisha. Nilikimbia stendi. Muuza karanga alimkumbuka vizuri: bibi mmoja mwenye kifurushi, alipanda basi la Kilosa, na kabla ya kukaa aliwasubiri vijana wote wa viti vya mbele wamwamkie.

Saa kumi na moja na nusu mama mdogo alipiga. "Mtu wenu ametua," alisema. "Anakula."

Nilikaa chini palepale stendi nikalia, halafu nikanunua karanga kwa sababu muuzaji alikuwa ananitazama.

Jumamosi nilimfuata. Nilipanda basi hadi Kilosa, nikaunganisha gari jingine, nikamalizia na bodaboda mpaka njia ilipoikatalia. Kipande cha mwisho nilipanda kwa miguu na hotuba kichwani. Nilikuwa nimeitunga vizuri. Ilikuwa na goti, ilikuwa na daktari, ilikuwa na kaka, na mwisho wake ulikuwa kwamba mama apange mizigo.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Nilimwona kabla hajaniona, shambani juu ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, mguu wenye goti lililofungwa ameunyoosha mbele. Alichimba shimo kwa jembe la mpini mfupi, akaangusha mbegu, akafukia. Akachimba jingine mkono ulipofika. Halafu akainuka kwa kushika jembe, akasogeza kigoda hatua mbili, akaketi tena. Miezi yote ile mimi na kaka hatukuwahi kufikiria kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kapteni." Hakuinua uso. "Umekuja kunichukua au umekuja kunisalimia?"

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ameshika jembe, hachimbi, anangoja, na mkono wa pili ameufumba juu ya pindo la kanga lenye mbegu, kama mtu anayekaribia kunyang'anywa. Alikuwa ananiogopa. Mama yangu, mimi, ananiogopa. Hotuba yote ikaniishia pale.

"Nimekuja kukusalimia," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali, akachimba lile shimo lililokuwa linasubiri. Kisha akafungua pindo la kanga akanijazia kiganja maharage mekundu. "Mawili kila shimo. Usiyazamishe sana."

"Mbegu za nani hizi?" nilimwuliza.

"Zangu," alisema. "Nusura ziwe za sanduku."

Nikavua viatu, nikaanza mstari wa pili.