Kauboi wa Mama Régine

Wandugu, leo nimefunga duka la simu mapema. Roho inauma.

Papa Désiré na bibi yake, Mama Régine, walikuwa wanakuja dukani kwangu kuangalia filamu za zamani za kauboi kwenye televisheni yangu. Mama, kwenye kiti chake cha nyuma, alikuwa anamwonya kauboi kwa kelele, vile walizoea kwenye sinema za Bukavu.

Tulimzika Mama wiki iliyopita.

Leo Papa amekuja peke yake. Nikamwekea filamu, labda itamtuliza.

Jambazi akatokea nyuma ya jiwe. Hapo ndipo Mama alikuwa anapiga kelele.

Papa akaendelea kuangalia televisheni tu.

Eish, mimi na mdomo wangu! Nikapiga kelele mahali pa Mama: "Nyuma yako!"

Kauboi hakugeuka.

Papa ndiye aligeuka, akaangalia kiti cha Mama.

Wandugu, kile kiti nikitoe ao nikiache?