Ndizi za Treni ya Jumanne

Karatasi ile niliisoma mimi, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ilibandikwa ukutani stesheni ya Mbeya, imepigwa chapa vizuri, ina picha ya kichwa cha treni kinachong'aa. Ilisema reli sasa itajiendesha kibiashara. Treni ya kawaida, ile iliyosimama hata penye nyumba mbili, inaondolewa. Badala yake itakuja ya kasi: Jumanne alasiri Mbeya, Jumatano asubuhi Dar es Salaam, na behewa la mizigo nyuma. Nilimsomea mama neno kwa neno, na pale Kiswahili cha ofisini kilipomshinda nikamgeuzia kwa Kinyakyusa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi.

Mama alilima ndizi za kupika huko Kinyala. Kila baada ya wiki mbili alipanda treni na mikungu yake pamoja na ya wanawake wengine sita wa kijijini, akaiuze Dar kwa mdomo wake mwenyewe. Madalali wa kule walimjua kwa ubishi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa heshima yake. Kila mwanamke alikuwa na alama yake aliyoikata kwa kisu kwenye kikonyo cha mkungu, mmoja mikato miwili, mwingine msalaba, ili mali zisichanganyike behewani.

Na wote walijua kukata kwa kufuata treni. Ndizi changa ina pembe, ukipitisha kidole unazihisi. Ikikomaa pembe zinapotea, inakuwa mviringo. Kwa kuwa treni ya kawaida ilichelewa siku nzima na pengine mbili, mkungu ulikatwa pembe zikiwa bado kali. Dar walilalamika kwamba ndizi zetu nyembamba, lakini zilifika kijani. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha hayo. Waliisoma reli kwa kidole tangu ilipoanza kubeba mizigo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa vijana waliochimba mahandaki pamoja na Wachina, akarudi nyumbani na sepetu na kikombe cha bati, na mpaka anakufa aliiita reli yetu. Yetu, eti.

"Imeandikwa hivyo?" mama aliniuliza pale stesheni.

"Imeandikwa, mama."

"Basi safari hii tuziache zijae."

Akarudi Kinyala akawaambia wenzake, nao wakakubali kwa sababu ni yeye aliyesema. Aliyekataa ni shangazi yangu peke yake, dada yake baba, aliyekuwa mmoja wa wale sita. Alisema hiyo treni hajaiona, akakata mikungu yake mitano ikiwa michanga kama zamani. Nilimcheka. Nilimwambia dunia imebadilika, mambo ya kukisia kwa kidole yamepitwa na wakati. Maneno hayo nayajutia hadi leo.

Jumanne tulikodi lori dogo, tukapita Tukuyu, tukafika stesheni mapema. Sijapata kuona mikungu mizuri kama ile, minene, imejaa mpaka ncha. Ilipofika saa kumi, treni hakuna. Karani wa mizigo akasema kesho. Jumatano akasema kesho. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, maana wenzake walikuwa wamepunguzwa kazi, na madirisha matatu kati ya manne yalipigiliwa mbao. Alhamisi mama alifunua majani makavu tuliyofunikia mizigo, akakuta manjano. Aliyarudisha yale majani taratibu, akakaa juu ya kifurushi chake akiangalia reli.

Ijumaa nilikwenda dirishani, na safari hii sikwenda kuomba. Nilimwambia karani anieleze treni iko wapi. Alinitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa.

"Dada, ratiba ile ni ya kwenye mpango," akasema. "Vichwa vyenyewe bado havijaletwa."

Nikamuuliza kwa nini basi ile ya zamani imeondolewa. Akajibu kwamba imeondolewa ili kupisha mpya.

Nilitamani kuvunja kile kioo. Natamani hata sasa. Watu wazima, wenye vyeti na viti vya kuzunguka, walichapa picha ya kitu wasichokuwa nacho, wakaua kile walichokuwa nacho, halafu wakabandika karatasi ili sisi tuamini. Na aliyeamini ndiye aliyepata hasara. Hakuna hata mmoja wao aliyeteremka kuja kutuambia pole.

Kumbe karani alikuwa amesikia harufu. Alitoka ofisini, akasimama mbele ya mikungu yetu, akasema bila haya, "Mama, naomba chane moja nipeleke nyumbani kwa watoto. Zimeiva vizuri." Mama akamkatia mbili. Alipoondoka nikamfokea mama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamuuliza anampaje mtu yule.

"Zitaoza, mwanangu," akasema. "Na watoto wake hawakuandika karatasi."

Zilizofaa kuliwa tuliwagawia abiria waliokwama kama sisi, zilizolainika tukazimwaga. Mama alikata vikonyo vyote vyenye alama, akavitia ndani ya gunia. Tulirudi nyumbani na gunia lile na mikungu mitano ya shangazi, ambayo bado ilikuwa mibichi kama ilivyokatwa.

Kesho yake mama alipita nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake. Kila mlango alitoa vikonyo, mwenyewe akatambua mikato yake. Hakuna aliyemlaumu. Walivipokea kwa mikono miwili, wakasema ndaga, asante, kama vile wameletewa zawadi. Ningeona nafuu kama wangemtukana.

Hawakumpa tena ndizi zao. Siku hizo redio ilikuwa imeshaanza kutuimbia soko huria, na malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka Kinyala. Wanawake wakapanga mikungu kando ya barabara. Mwenye lori alitaja bei akiwa ndani, hata injini hajazima. Mama alijikaza miezi kadhaa, kisha naye akabeba mkungu wake akaupeleka barabarani. Nilimwona akitajiwa bei na kijana wa umri wa mwanawe, naye akaitikia kwa kichwa.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuta tangazo jingine kwenye ukuta wa duka pale Makandana. Reli itafufuliwa, mabehewa mapya, wakulima wajiandae. Nililinakili kwenye daftari nikampelekea mama, sijui kwa nini. Labda nilitaka anisamehe. Nilimkuta shambani, kidole chake kiko kwenye mkungu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo imefika," akauliza, "au imeandikwa?"

"Imeandikwa, mama."

Akanipa kisu.

"Basi kata. Lori linapita saa nne."