Paskalina wa Kilolo, Aliyeketi na Waliofungwa Kamba

Alizaliwa Paskalina Kalinga mwaka 1928 katika vilima vya Kilolo, mtoto wa wakulima wenye shamba dogo la mahindi. Akiwa msichana alipelekwa Iringa mjini kuwa yaya katika nyumba ya tajiri, ambako alikula nyuma ya jiko na kuitwa "wewe", kana kwamba hakubatizwa. Roho yake ikanyauka. Akaacha kula, kisha akaacha kusema, nao wakamrudisha kwao wakidai kichwa kimeharibika. Bibi yake hakumwuliza neno. Alimlisha ugali kwa mkono wake na kumwita kwa jina, hadi siku moja binti akaitika. Paskalina alizoea kusema kwamba hapo ndipo Mungu alipomwita.

Mwaka 1974, akiwa mjane asiye na mtoto, alihudumu kama katekista, mwalimu wa dini, katika kigango kimoja cha tambarare za Usangu, kanisa dogo ambalo padre hulitembelea mara chache. Aliishi huko mzee Masunga, mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini. Ugonjwa uliwamaliza ng'ombe wake, na heshima yake ikaenda nao: mkutanoni hakuna aliyemsikiliza, na waliokuwa wakinywa maziwa kwake walipita bila salamu. Akaanza kusema peke yake na kutangatanga porini. Ndugu zake wakamfunga kamba kwenye nguzo ya zizi, wakisema ana pepo.

Paskalina akawa anakwenda kuketi naye vumbini. Siku moja Masunga alimpiga jiwe la paji la uso. Kesho yake Paskalina alirudi na kitambaa kichwani, na Regina, mke wa mzee, akamsihi aende zake asije akauawa.

"Nimekuja kumwona mwenye mji," Paskalina alijibu. "Yeye hajanifukuza." Kisha akamwinamia Masunga, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Shikamoo, baba Seni."

Masunga aliinua uso. "Marahaba," akasema, na machozi yakamtoka. Wanawake wale wawili wakamfungua.

Jumapili Paskalina alimwongoza mzee kanisani. Ambrosi, mwenye duka na mwenyekiti wa kigango, akaamuru mwendawazimu abaki nje.

"Mzee Ambrosi, huyu hana pepo," Paskalina alisema kwa upole. "Ana jeraha la kudharauliwa, na sisi ndio tuliomtia."

Kwa neno hilo alivuliwa ukatekista. Hakulalamika, alisali uani kando ya Masunga, juani na mvuani. Regina akatoka kuwafuata, kisha jirani, kisha wengine, hata padre alipokuja akakuta kanisa li nusu tupu, akaihamishia Misa uani. Ambrosi alitoka mwisho, amebeba benchi lake mwenyewe, akamkaribisha Masunga akae.

Paskalina alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 1979. Jeneza lake lilibebwa na Masunga pamoja na wengine waliowahi kufungwa kamba, ambao aliketi nao pia. Wapo wanaosimulia kwamba wenye fadhaa hutulia wakiketi kaburini pake. Kanisa halijatamka lolote juu ya hayo, nasi tunayasimulia kama tulivyoyapokea. Lakini katika kigango kile hakuna tena anayefungwa. Aliyechanganyikiwa huketiwa na majirani kwa zamu, tajiri na maskini. Basi anayetaka kumwiga Paskalina asiishie kumwombea mgonjwa. Aende akaketi naye.