Neno Nililoombwa Kuliruka

Mwanangu, kuna siku moja kule Sindo, kando ya ziwa, ambayo hainitoki kichwani, na hata leo nikiikumbuka situlii.

Nilikuwa nimeitwa kufasiri. Kazi hiyo nimeifanya tangu usichana wangu, kanisani na kwenye mabaraza ya chifu, nikisikia Kiswahili na kusema Kijaluo. Safari hii aliyeniita ni Ochieng', mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu kule Rongo. Alimleta rafiki yake Musa kutoka Nairobi, awaeleze akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, habari za sarafu za kidijitali. Kikundi chao kilikuwa na akiba ya kujengea vichanja vya kuanikia, maana mvua ilikuwa ikiwaozeshea omena waliyoianika chini. Ochieng' alitaka akiba hiyo inunue sarafu kwanza, ikue, vichanja vije baadaye.

Musa alianza vizuri. Alipofika kwenye hiyo blokcheni, nikakwama.

"Hilo sina neno lake," nikamwambia. "Nieleze mpaka nielewe."

Hakuudhika. Alisema ni kumbukumbu ya malipo ambayo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, hivyo mtu hawezi kubadilisha jambo peke yake bila wengine kugundua. Nikalifasiri, akina mama wakatikisa vichwa kukubali. Kusema kweli, hata mimi nilivutiwa.

Kisha Mama Akinyi, mwenyekiti wao, akauliza, "Nikisahau yale maneno ya siri uliyosema ya kufungulia sarafu zangu, nimwendee nani?"

"Hakuna," Musa akajibu. "Sarafu zako huzipati tena."

"Na bei ikianguka?"

"Hakuna wa kukurudishia."

Kabla sijafungua mdomo, Ochieng' aliniinamia. "Waya," akaninong'oneza, kwani ndivyo tunavyomwita shangazi, "hapo paruke. Utawatisha bure, na mambo haya yanakuja tupende tusipende."

Mtoto huyo nilimlea mimi. Nilijua hana hila; aliwaonea huruma wale akina mama kuliko alivyojua kusema. Lakini nilimkumbuka mchungaji mzee wa Uriri aliyenifundisha kazi hii. Kabla sijasimama kando yake mara ya kwanza, aliniambia, "Mimi nitaondoka, wewe utabaki hapa. Wakiyakumbuka maneno haya, watayasikia kwa sauti yako."

Nikafasiri yote. Mama Akinyi akashukuru kwa heshima, akasema akiba itajenga vichanja. Wasichana wawili tu walibaki na Musa, simu zao mkononi. Ochieng' alipita nyumbani kwangu bila kula, akarudi Rongo. Kwa muda mrefu, nikimpigia, alinijibu kwa mkato.

Vichanja vilijengwa. Bei ya sarafu nayo ikapanda, ikaporomoka, ikapanda tena. Ikipanda, najiuliza kama niliwafungia akina mama mlango. Ikishuka, nawawaza wale wasichana wawili. Sijui itaishia wapi, na anayekuambia anajua, mwulize amejuaje.

Krismasi iliyopita Ochieng' alikuja. Alikula, kisha akasema, "Waya, hivi blokcheni kwa Kijaluo tungeiitaje?" Tulijaribu maneno mengi mchana ule, tukacheka, na neno lenyewe hatujalipata bado.

Basi, mwanangu, sikwambii uyakimbie haya mambo mapya. Yasome. Yasome mpaka uweze kumweleza nyanya yako kwa lugha anayootea ndoto, pamoja na sehemu inayotisha. Na ukijikuta unatamani kuruka sehemu fulani, simama hapo hapo ujiulize ni kwa nini. Usimpelekee mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe hujalielewa, hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.

Mungu akufungulie akili kwa mambo ya zama zako, aulinde ulimi wako, na kila atakayekuamini asije akajuta kukusikiliza.