Mguse Baridi Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wanawake wazima tumesimama mtoni tukipigiana kelele mpaka mbuzi wa ng'ambo wakaacha kula wakatutazama. Wueh! Watu wa kanisa sisi, wake za watu, kila mtu na jembe mkononi. Sasa nacheka, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

Ngoja nikuambie tulikuwa tunafanya nini. Huku kwetu upande wa Mutomo mto hauna maji, una mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanakuja na hasira, yanapita, yanaenda zake. Sasa kikundi chetu cha mwethya, ile kazi ya majirani kusaidiana, kilikuwa kinajenga ukuta kukata mto. Ukuta unashika mchanga, mchanga unashika maji, halafu wewe unachimba kidogo tu, unachota. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi, mtoto mgongoni, na maji nilikuwa nayaendea mbali, natoka jogoo hajawika, narudi jua limenipiga mpaka basi. Kila jiwe nililobeba nilikuwa nasema, hili ni la kupumzisha miguu yangu.

Lakini ukuta kama huo lazima ukae juu ya mwamba. Ukikaa juu ya jiwe lililolala tu, maji yatapita chini yake kimya kimya mpaka yaung'oe. Kwa hivyo tulichimba mtaro mto mzima, tukachimba, mpaka majembe yakagonga mawe. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Simiti iko tayari, imewekwa kwa nyumba ya Mwaitu Ndunge, mwenyekiti wetu, na simiti haijui kungoja. Unyevu ukiipata inakuwa jiwe ndani ya gunia.

Hapo ndipo kelele ikaanza.

"Tumefika mwamba!" akasema Kalekye, wa upande wa kilimani. "Changanyeni simiti, mvua hiyo!"

"Mwamba gani?" akajibu Mbithe, wa upande wa chini. "Semeni tu mmechoka. Tangu lini watu wa kilimani wakajua kuchimba?"

"Afadhali sisi tunachoka. Nyinyi mnakujanga saa ya chai!"

Ai! Chai ikishaingia, mwanangu, mambo yameharibika. Wakatoa na maneno ya mbuzi walioingia shamba la mtu, wakatoa na ya harusi ambayo mtu hakualikwa. Mwisho Mbithe akaweka jembe begani. "Watu wa chini, twendeni. Wajijengee." Na wenzake wakaanza kuokota karai zao. Bila watu wa chini hakuna ukuta. Nikaiona ile njia yangu ya maji, ndefu, inaningoja.

Fundi wetu wa kujenga ukuta alikuwa ndani ya mtaro na nyundo yake. Anagonga, anainamisha sikio, anagonga tena. Akainua kichwa. "Akina mama, mimi natafuta sauti ya jiwe, lakini nasikia nyinyi tu." Hakuna aliyemjali, isipokuwa Mwaitu Ndunge.

Huyo mama hakupiga kelele. Alivua akala zake, vile viatu vya tairi, akaketi mchangani, akaanza kuzika miguu.

"Mwaitu, unaumwa?" Kalekye akauliza.

"Naumwa na masikio. Keti. Nyote ketini. Ingizeni miguu mpaka mguse baridi, na asiongee mtu kabla hajagusa. Mbithe, hata wewe. Ukimaliza, nenda kwako."

Utakataaje? Mwaitu ni kusema mama yetu. Tukaketi, watu wa kilimani na watu wa chini. Na mchanga ule juu unachoma! Unasukuma kidole, ni moto. Unasukuma tena, bado moto. Ukianza kuwaza maneno ya mwenzako, unakuta kidole kimesimama, hujui kimesimama saa ngapi. Unarudi, unasukuma. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Nikasikia mtoto akikoroma mgongoni. Halafu pole pole, ah, baridi. Kumbe mto ulikuwa na maji chini ya makelele yetu yote. Nikamtazama Mbithe, amefunga macho, machozi yanamtoka.

Hapo sasa fundi akagonga. Ko! Ko! Ko! Inalia kama kengele ya kanisa. Akasogea kuelekea katikati ya mto. Ko! Akasogea tena.

Bu.

"Rudia hapo," akasema Kalekye, sauti ndogo.

Bu. Kama kupiga gunia la mahindi. Hata mtoto angejua: hilo jiwe limelala tu, na chini yake ni mchanga.

Mbithe akafungua mdomo, nikajua sasa tumekwisha, atajisifu mpaka kesho. Akasema, "Mimi nilikuwa nabisha tu. Sikujua."

Kalekye akacheka akashika tumbo. "Na mimi nilikuwa nimechoka kweli!"

Tukacheka wote. Jembe la Mbithe likashuka begani. Tukalichimbua jiwe lile na nyimbo, tukafika mwamba unaolia ko mto mzima, tukamwaga simiti. Ikashika vizuri kabla ya mvua kuja.

Asubuhi moja mvua ilipokuja kweli, tulikimbia mtoni wote. Maji mekundu yananguruma, yanabeba miti. Mimi nilifunika macho. Kalekye akanivuta mkono. "Fungua wewe! Umesimama!" Nikafungua. Maji yanaruka juu ya ukuta, na ukuta hauna habari. Nilikaa kwenye matope na leso yangu nzuri, nikalia, nikacheka, yote pamoja.

Mpaka leo nachota hapo. Na kikundi kipo. Mwaitu Ndunge alitangulia, kiangazi kimetupiga, watu wamehama, lakini kila mkutano tunaanza na miguu mchangani.

Sasa juzi mjukuu wangu Mueni, yeye na wenzake wanakausha maembe wanauza barabarani pale mji wa Salama, alitoka semina Kitui mjini akaja kwa susu wake, yaani mimi bibi yake. "Susu, tumefundishwa kitu kipya! Mnakaa kimya, mnasikiza pumzi, mnajua kilicho ndani yenu kabla ya kuamua, ndiyo mradi usivunjike ukitikiswa." Nilicheka mpaka chai ikanipita puani. Kipya! Nikamwambia, hiyo sisi tunaita kugusa baridi. Kikundi chao kilikuwa karibu kugawanyika, basi wakajaribu, wakavua viatu kwenye sakafu ya simiti. Kijana mmoja akakataa kabisa. Kumbe soksi ina tundu! Wakacheka, na jana Mueni akanipigia simu kwamba hakuna aliyetoka kikundini.

Kwa hivyo, mwanangu, mkianza kazi na wenzako, msingoje ugomvi ndio mjifunze kunyamaza. Nyamazeni kila siku, hata siku nzuri. Hasira ikija, usiifukuze na usiipande mgongoni. Ijue tu kwamba iko, halafu rudi kwa mguu wako, sukuma tena. Sauti ya jiwe haitashindana na yako. Inangoja umalize.

Njoo karibu, lete viganja nikutemee mate ya baraka kama nilivyotemewa. Mungu akupe wenzako wanaocheka. Akupe masikio kabla ya mdomo. Na popote utakapotaka kujenga, ukigonga, mwamba ukuitikie.